Je, Haichuji?

Mwanamke aliyezoea kununua kanga haanzi kwa kuuliza rangi ilitoka wapi. Anauliza kama inachuja. Toleo hili linahusu nguo zinazotiwa rangi kwa bakteria, nasi tunaanza na swali lake kwa sababu wanaoisifia teknolojia hii hulipita mbio.

Uzuri wake hatuukatai. Streptomyces coelicolor ni bakteria wa udongoni, wa ukoo uleule unaotupa harufu ya ardhi iliyonyeshewa mvua na dawa ya streptomaisini ya kifua kikuu. Natsai Audrey Chieza, mbunifu mzaliwa wa Zimbabwe aliyefanyia kazi hii London, alimwotesha juu ya hariri yenyewe, ikatoka na mabaka ya waridi, zambarau na buluu. Kampuni ya Colorifix ya Uingereza imeshika njia nyingine: hunakili maelekezo ya kijenetiki ya rangi kutoka kwa kiumbe kimoja, huyapachika kwenye vijidudu, huvilisha sukari hadi vizaane, kisha huvitia mashineni pamoja na kitambaa. Joto likipanda, seli hupasuka na rangi hushika uzi.

Wala si mambo mageni kama yanavyotangazwa. Nili haiyeyuki majini hivihivi. Wachovyaji wa zamani, wakiwemo wa mashimo ya Kano huko Nigeria, waliiacha ichachuke siku kadhaa, kumbe waliokuwa wakifanya kazi ni bakteria. Kemia ndiyo iliyowapokonya kibarua. Mwaka 1856 William Perkin, kijana wa miaka 18, akihangaika kuunda kwinini ya malaria kutokana na lami ya makaa ya mawe, aliambulia rangi ya zambarau, na viwanda vikaifuata njia hiyo. Leo mama wa batiki anakoroga kostiki soda uani kwake, na maji yanayobaki yanaishia mtaroni.

Kwa ajili ya mtaro huo tunawaunga mkono bakteria, ila kwa masharti. Prodigiosini, nyekundu ya Serratia marcescens, hupauka upesi juani. Na bakteria mwenyewe huambukiza wagonjwa hospitalini, kwa hiyo si wa kufugwa kwenye ndoo. Aktinorodini ya Streptomyces ni nyekundu kwenye asidi na buluu kwenye besi, na sabuni ya mche ni besi: gauni jekundu laweza kutoka kwenye beseni na rangi nyingine. Tena sukari wanayolishwa haidondoki mbinguni. Anayehesabu maji yaliyookolewa kiwandani ahesabu na yaliyonywewa na miwa.

Ndiyo maana tuliwaomba waandishi wetu, kabla ya kusifu, waseme kitambaa kimefuliwa mara ngapi, kwa sabuni gani, na kikaanikwa wapi. Makala moja inajibu kwamba hakijafuliwa bado. Tumeichapisha na jibu lake.