Makabrasha ya Mjerumani na Upepo wa 1908

Wapo wasemao kuwa makabrasha ya Mjerumani yaachwe yaliwe na mchwa. Uchungu wao si wa kubezwa. Mzee wa Mkomaindo, pale Masasi, hahitaji kufundishwa jinsi dola ile ilivyoizima Maji Maji iliyozuka 1905: kwa bunduki kwanza, kisha kwa kuchoma mashamba na maghala ya kusini mpaka njaa ikamaliza kazi. Na dola hiyo hiyo, mwaka 1908, ilipata wasaa wa kumtuma Arthur Berson Ziwa Viktoria kurusha maputo yenye vipimio!

Lakini hasira si hoja. Maputo yale yalikuta, kiasi cha kilomita 20 juu, upepo uvumao kutoka magharibi. Wataalamu walishangaa, kwani moshi wa mlima Krakatoa, uliolipuka 1883, ulikuwa umeizunguka ikweta ukisukumwa na upepo wa mashariki. Yupi mkweli? Kwa nusu karne ikadhaniwa kuwa ni pepo mbili, mmoja juu ya mwingine. Miaka ya 1960 na 1961 ndipo ilipodhihirika kuwa upepo ni mmoja, nao hugeuka, mzunguko wake ukichukua wastani wa miezi 28. (Nahodha wa Unguja, aliyelelewa baina ya kaskazi na kusi, pengine angewadokezea mapema zaidi, lau wangemwuliza.)

Mwaka 2007 watafiti waliyarudia makaratasi ya maputo ya zamani, pamoja na vipimo vya mkandamizo wa hewa vya Jakarta, wakaujenga upya mwenendo wa upepo huo tangu mwanzo wa karne ya 20. Kisha, 2016, mzunguko ukavurugika kwa namna isiyowahi kuonekana tangu upimaji wa mfululizo uanze 1953. Je, hiyo ni tabia yake ya kale, au ni athari ya joto walilolichochea wanadamu? Setilaiti ya jana haiwezi kujibu peke yake; panahitajika kumbukumbu ndefu, na kumbukumbu ndefu zimo katika wino.

Basi anayechoma daftari kuukuu la mvua au la upepo katika kabati la ofisi yoyote ya kusini hamlipizi kisasi Mjerumani. Taarifa ya Berson ilichapishwa zamani na kutiwa maktabani, haiogopi mchwa. Lisilo na nakala ni lile daftari la kabatini, na atakayelikosa ni mtoto wa Mkomaindo, siku atakapotaka kuijua historia ya anga lake bila kuiomba Ulaya.