Mtoto Akatwe Vipande Viwili?

Leo sijaleta neno la kutia moyo, hilo nitaleta kesho. Leo tuongee kama familia, na ukiudhika, udhika ukiwa umesoma mpaka mwisho.

Unawajua wale wanawake wawili waliosimama mbele ya Sulemani, 1 Wafalme 3. Mtoto aliye hai ni mmoja, na kila mama anasema ni wake. Mfalme akaitisha upanga. Tumehubiri hekima ya Sulemani mpaka tumechoka, lakini mtazame yule mwanamke aliyekubali mtoto akatwe. Mbona alikubali? Nusu ya maiti ingemfaa nini? Alitaka tu mwenzake asibaki na mtoto. Hakuwa na haja nyingine.

Hiyo roho, mpendwa, imekaa Nairobi miaka mingi. Na sisi tumeiwekea kiti kanisani, safu ya mbele.

Nikukumbushe mwaka wa 2020. Tangu 2013 hospitali nyingi tunazotibiwa sisi wananchi wa kawaida ziko chini ya kaunti. Muuguzi, panadol, glavu, mafuta ya ambulensi, vyote vinasubiri pesa kutoka Nairobi. Mwaka huo Seneti ilikaa kuamua vile kaunti 47 zitagawana Sh316.5 bilioni. Wengine wakasema idadi ya watu ndiyo iamue, mtu mmoja shilingi moja. Wengine wakasema hivyo ni kuzinyang'anya kaunti zenye ardhi kubwa na watu wachache, zile ambazo zimesahaulika tangu uhuru. Hayo yalikuwa mabishano ya haki, na mtu anayemcha Mungu angeweza kuwa upande wowote. Lakini mkutano baada ya mkutano walitoka mikono mitupu. Mwezi wa Agosti maseneta watatu wakakamatwa na polisi siku moja. Septemba magavana wakatangaza kwamba watafunga kaunti, na kwamba hospitali zao hazitalaza mgonjwa mpya. Hii ni wakati wa corona, ndugu yangu! Watu wanatafuta oksijeni na waheshimiwa wanahesabu nani amemshinda nani.

Walielewana tarehe 17 Septemba. Walielewana kwa sababu waliahidiwa pesa zaidi, Sh370 bilioni mwaka utakaofuata, ndiyo kaunti yoyote isipoteze. Na katika ile fomula waliyopitisha, afya ina uzito wa asilimia 17, idadi ya watu asilimia 18. Unaona? Mgonjwa alikuwa ndani ya ile karatasi muda wote walipokuwa wakiirushiana.

Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa vivyo hivyo. Bunge la Taifa linasema 310 bilioni, Seneti inasema 335, mwaka wa fedha umeanza Julai na sheria ya kugawana pesa haipo. Waliafikiana Septemba. Wewe ulikuwa ukifuatilia hayo kama mechi, na ulikuwa na jezi.

Na msidhani huu ni ugonjwa wa Afrika. Washirika wetu mlio Marekani mliona wenyewe 2025. Serikali ya huko ilifungwa kuanzia 1 Oktoba mpaka 12 Novemba, siku 43, kufungwa kurefu kuliko kote katika historia yao. Vyama viwili vilikuwa vinavutana juu ya ruzuku ya bima ya afya. Watu wakafanya kazi bila mshahara, na siku serikali ilipofunguliwa, ile ruzuku yenyewe ilikuwa bado haijaamuliwa.

Turudi nyumbani, tuje kwa SHA. Hapa ndipo nina neno na wewe.

Sheria ya bima hii ilitiwa sahihi Oktoba 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema ni kinyume cha Katiba, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi, NHIF iliyokuwepo tangu 1966 ikaondoka. Sasa kumbuka mambo ya siasa ya miezi hiyohiyo. Agosti watu wa ODM wakaingia kwenye baraza la mawaziri. Oktoba hiyohiyo ya SHA, siku ya 17, Seneti ikamwondoa naibu wa rais.

Mimi niko kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa, nasoma kila kitu. Nilimwona mshirika aliyekuwa akiita SHA wizi wa mchana akianza kusema tuipe muda, mambo mazuri hayataki haraka. Nikamwona mwingine aliyekuwa akisema SHA ni jibu la maombi akianza kuiita laana. Sheria haikubadilika hata nukta moja! Asilimia ilikuwa ileile, na foleni hospitalini ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni nani ameketi karibu na nani mezani, na nyinyi mkahama pamoja na viti.

Nataka nikuulize kama mchungaji wako: maoni yako juu ya hospitali ni yako kweli, au ni ya mtu wako?

Nitakupa kipimo. Sema zuri moja na baya moja juu ya SHA bila kutaja jina la mwanasiasa yeyote. Ukishindwa, wewe ni msemaji wa chama, hata kama unanena kwa lugha.

Acha nianze mimi. Chini ya NHIF, mwenye mshahara wa laki moja alikatwa 1,700 na mwenye mshahara wa milioni alikatwa 1,700. Sasa kila mtu anakatwa asilimia 2.75. Wa elfu ishirini anatoa 550, pungufu kuliko zamani, na wa milioni anatoa 27,500. Sisi tunaotoa fungu la kumi hatuhitaji kufundishwa hesabu hiyo. Mungu mwenyewe hakuweka kiwango kimoja kwa tajiri na maskini, aliweka sehemu. Hilo ni zuri na nitalitetea hata kama limeletwa na nani.

Baya ni hili. Mama anayeuza sukuma wiki hana pesilipu. Anaulizwa nyumba yake ina ukuta wa nini, paa la nini, choo cha aina gani, halafu mashine inampa kiwango. Akibahatika ni Sh300 kwa mwezi, lakini anatakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo, Sh3,600. Mtu anayenunua unga kwa kupimiwa! Wamesema anaweza kukopa alipe polepole. Sawa, lakini huo bado ni mkopo juu ya kichwa cha mtu ambaye hata hajaugua. Na kulikuwa na Linda Mama, ambapo mama mjamzito alijifungua bila kulipa mchango wowote. Sasa asipokuwa amelipa mchango wake, kitanda cha uzazi ni cha pesa taslimu. Dada mmoja wa hapa kwetu alikaa wodini siku nane baada ya daktari kumruhusu aende, mtoto mkononi, kwa sababu ya bili. Tulichanga tukamtoa. Wakati tukichanga, wazee wawili wa kanisa walikuwa wakibishana kwenye kikundi hichohicho kama ni kosa la serikali ya sasa au ya zamani. Nilihesabu jumbe zao, 64. Pesa yao haikuja.

Na hospitali nazo zinadai. Madeni ya NHIF yaliachwa yakining'inia, hadi mapema 2025 hospitali nyingi za kibinafsi zikasema leta pesa taslimu ama urudi nyumbani. Machi mwaka huo Rais akaagiza wanaodai Sh10 milioni kushuka chini walipwe, wa juu ya hapo wakaguliwe. Ukaguzi si dhambi, kuna hospitali zilidai pesa za wagonjwa hewa. Lakini nesi wa hospitali ya misheni ambaye hakuiba hata pamba anakaa bila mshahara akingoja wezi watenganishwe na yeye. Na wale wahudumu wa UHC walioajiriwa kwa mkataba 2020? Miaka mitano wizara inasema ni wa kaunti, kaunti inasema wizara ilete pesa kwanza. 2025 wakapiga kambi nje ya Afya House. Wizara na kaunti wanagombania mtoto ambaye hakuna anayetaka kumlisha.

Soma Luka 10 tena. Msamaria alisafisha jeraha kwa mafuta na divai, sawa, hilo tunalipenda. Lakini aliacha pesa kwa mwenye nyumba ya wageni, na akaahidi kwamba kikizidi, akirudi atalipa. Mwenye nyumba hakuachwa na deni. Na Msamaria hakumuuliza yule majeruhi ni wa kabila gani. Kuhani na Mlawi ndio waliokuwa na msimamo.

Najua utaniandikia: Mchungaji, usilete siasa madhabahuni. Ndugu, siasa ililetwa na bahasha. Mheshimiwa akija tunamsimamisha, tunampa kipaza sauti, tunapiga vigelegele, na hakuna hata mmoja anayemuuliza alipiga kura gani siku bajeti ya hospitali ilipokatwa. Mwaka wa 2001 marais wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwa afya. Kenya haijafika hapo mpaka leo, chini ya marais wote, na hao marais wote wamekaa viti vya mbele vya makanisa ya nchi hii.

Wako na wale wengine, watakatifu wangu wa kesha. Mimi nimefunikwa na damu ya Yesu, sihitaji bima. Amina, mimi pia nimefunikwa. Lakini mwaka jana uliugua, na mpesa ya michango ilitumwa kwa nani? Mungu aliponya, na sisi tukalipa bili. Na wanaosema kujiandikisha kwa alama za vidole ni namba ya mnyama, mlisema hivyo kwa Huduma Namba 2019, na simu mnayonitumia huo ujumbe imesajiliwa kwa kitambulisho chenye alama zenu za vidole. Tafadhali.

2027 inakuja. Kila chama kitasema kitaivunja SHA au kitaiokoa. 2018 Kisumu ilizinduliwa Afya Care kwa shangwe, pamoja na Isiolo, Machakos na Nyeri. Iko wapi leo? Mwenye kuingia anafuta jina la aliyetoka ndipo aandike lake, na mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki anasubiri wamalize kuandika. Yeye hana wiki ya kusubiri. Akikosa vipindi viwili tunaanza kupanga mazishi.

Kwa hivyo mambo yafuatayo yanaanza Jumapili hii, na wazee wameshakubaliana nami.

Mwanasiasa akija ataketi kama mshirika yeyote. Akitaka kusalimia, atasalimia, lakini atajibu kwanza swali moja kutoka kwa wauguzi wetu watatu, nao wataliandika wenyewe. Bahasha itangazwe kiasi chake, na iende kwa mfuko wa wagonjwa wa mtaa, haitaingia kwa ujenzi.

Kwenye kikundi cha kanisa, anayetuma video ya kutukana au kusifu SHA atume pamoja nayo Sh300 za kumlipia mjane mmoja mwezi mmoja. Bila hiyo, viongozi wa kikundi wanafuta. Nimeshaona wengine wamenyamaza tangu jana usiku nilipodokeza.

Kaunti ikitangaza kikao cha maoni ya wananchi juu ya bajeti, sisi tutaenda. Kawaida wanaoenda ni watu wachache waliobebwa na MCA, wanapewa soda, wanasaini, na kesho yake inaandikwa kwamba wananchi wameshirikishwa. Nataka watu 40 kutoka kanisa hili, na nataka wachanganyike, wa upande huu na wa upande ule, muulize swali moja mkiwa mmeketi benchi moja: dawa za zahanati yetu zimetengewa pesa ngapi, na zilizotengwa mwaka jana zilifika?

Baada ya ibada ya pili vijana watakuwa na meza chini ya mwembe. Njoo na kitambulisho. Kama hujajisajili watakusaidia kwa *147#, na kama umesajiliwa na huna ya mwaka, usione aibu, mwambie Mama Mchungaji pembeni. Tuna majina 23 ya akina mama wajawazito na tumelipia 9. Wale wazee wawili wa jumbe 64, nawasubiri mezani, kila mmoja na wake watatu wa kulipia, na nimewapangia mfadhili wa upande ule mwingine.