Gari Limtii Nani?

Msomaji kijana, gari la siku hizi lina madereva wawili. Mmoja huketi penye usukani, akaonekana na kila mtu. Wa pili ni kompyuta, nayo imefichwa ndani ya bati. Je, huyu wa pili humtii nani?

Wapo wanaomchukia bure, wakasahau wema wake. Mwaka 1978 Mercedes-Benz ilianza kuuza magari ambayo breki zake zaongozwa na kompyuta. Dereva akikanyaga breki kwa hofu, kompyuta huzilegeza na kuzikaza mara nyingi kwa sekunde moja, magurudumu yasigande na usukani usipotee. Mguu wa binadamu hauiwezi kazi hiyo.

Lakini kompyuta haina dhamiri. Hutenda kama ilivyoagizwa na mwandishi wa programu yake. Mwaka 2015 ilibainika kuwa Volkswagen ilitia programu ya hila katika magari yapatayo milioni 11. Gari lilitambua saa ya kupimwa moshi, likajifanya safi. Lilipokuwa barabarani lilitema sumu kupita kiasi cha sheria. Wenye magari hawakujua lolote. Mwaka huohuo wataalamu wawili wa Marekani, kwa kufanya jaribio, waliliingilia gari la Jeep kwa njia ya intaneti, wakalikata nguvu katikati ya barabara kuu, na wao wenyewe wako mbali. Magari milioni 1.4 yaliitwa yarekebishwe.

Watengenezaji hujitetea: "Tuachieni siri zetu, kufuli humzuia mwizi." Utetezi huu ni dhaifu. Kufuli haikuwazuia wataalamu wale wawili, bali ilimsitiri mwongo kwa miaka kadhaa. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts, huko Marekani, waliikataa hoja hiyo: walipitisha sheria ya kuwapa wenye magari na mafundi huru maarifa ya matengenezo ambayo awali yalikuwa ya mawakala.

Nasi Kenya tuna haja kubwa zaidi. Magari yetu mengi huja yamekwisha kutumika, hasa kutoka Japani, na huishi kwa mikono ya mafundi wa jua kali. Fundi akifungiwa kompyuta, mwenye gari amefungiwa mali yake.

Basi tuidai sheria kama hiyo, nawe kijana ujifunze lugha ya mashine hizi, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kompyuta ni mtumishi mwema. Lakini mtumishi asiyeweza kuulizwa amekwisha kuwa bwana.