Usitupe mbachao: kompyuta ya Migori haijafa

Leo nataka tugombane kidogo. Kuna wimbo nimeuchoka. Unaimbwa Migori mjini, unaimbwa Rongo na Awendo, ukivuka Homa Bay unaukuta Oyugis, unaukuta hata Mbita. Maneno yake ni haya: "Kompyuta hii imezeeka, haikubali Windows 11, nunua nyingine." Muuzaji anaanzisha, fundi anaitikia, na mwalimu mkuu au mama mwenye saiba anatoa pesa. Mimi nasema wimbo huu ni uongo, tena uongo wa gharama kubwa kwa watu wasio na pesa za kuchezea.

Kwanza tuelewane kuhusu mashine zenyewe. Wengi wetu huku hatununui kompyuta mpya. Tunanunua zile tunazoziita "ex-UK": HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell OptiPlex. Ofisi fulani ya Ulaya imeitumia miaka mitatu minne, imeiuza, imepita Mombasa na Nairobi, kisha imepanda basi la usiku kuja kwetu. Si aibu. Mashine hizi zilijengwa kwa kazi ya ofisi, zinafunguka kwa bisibisi ya kawaida, na vipuri vyake vinapatikana. Mimi ningechukua EliteBook kuukuu yenye mwili wa chuma kabla ya laptopu mpya ya bei ya chini iliyo ya plastiki na yenye RAM iliyogundishwa kwenye bodi.

Sasa angalia tarehe. Windows 10 ilitoka tarehe 29 Julai 2015. Windows 11 ilitoka tarehe 5 Oktoba 2021, na ilikuja na masharti: chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo inaanza kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, ukiacha chache sana za kizazi cha 7. Kisha tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10. Kwa watumiaji binafsi ilitangaza nyongeza ya viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026, ukijiunga kwa akaunti ya Microsoft au ukilipa dola 30.

EliteBook 840 G3 ina prosesa ya kizazi cha 6. RAM yake ni DDR4, ina nafasi ya SSD ya kisasa, na inafungua barua, spredishiti na video bila kuhema. Imekosa nini? Imekosa kuwa kwenye orodha! Sisemi Microsoft hawana sababu. Chipu mpya zina kinga ambazo za zamani hazina, na kampuni ina haki ya kuamua itahudumia nini. Lakini kampuni kuacha kuhudumia programu yake ni jambo moja, na mashine kufa ni jambo jingine. Daktari akistaafu, mgonjwa wake hazikwi siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo fundi anapoingia na "njia ya tatu". Anaweka Windows 11 kwa kuruka masharti, halafu anaiamsha kwa programu ya wizi. Umewahi kuangalia hiyo programu inavyofanya kazi? Jambo la kwanza inalotaka ni uzime antivairasi. La pili, uiruhusu iendeshwe kwa mamlaka yote ya mashine. Yaani umempa mtu usiyemjua, wa nchi usiyoijua, ufunguo wa nyumba, na kabla ya hapo umemfunga mbwa. Kisha kwenye kompyuta hiyo hiyo mteja anaingiza nywila ya eCitizen, namba ya kitambulisho na barua pepe yake. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hii hata kuazima si kuazima.

Aliyewahi kupeleka flashi saiba anajua habari hii. Unarudi nyumbani, unaifungua, kila faili limegeuka njia ya mkato. Tunacheka, tunasema "ni vairasi tu," tunaendelea. Lakini mkumbuke WannaCry. Tarehe 12 Mei 2017 ilienea duniani, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, ikaangusha kompyuta za hospitali za Uingereza. Kiraka cha kuzuia tundu hilo kilikuwa kimetolewa tangu Machi 2017. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimewekewa viraka. Na mashine ya fundi wetu, iliyorushwa masharti na kuamshwa kwa wizi, mara nyingi imezimwa masasisho makusudi ili wizi usigundulike. Ndiyo zawadi anayomuuzia mwalimu.

Njia yangu ni nyepesi kuliko hizo zote: Linux. Mchukue Linux Mint 22, iliyotoka Julai 2024. Itapewa viraka hadi mwaka 2029. Leseni yake ni shilingi sifuri, na hiyo sifuri ni halali. Inaomba RAM ya GB 2, ingawa wenyewe wanashauri GB 4. Menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia, Firefox ipo, LibreOffice ipo. Na kabla hujafuta kitu chochote, unaiwasha kutoka kwenye flashi, unajaribu Wi-Fi, sauti na printa, ukichukia unazima na Windows yako iko pale pale. Nitajie muuzaji wa kompyuta mjini anayekupa nafasi hiyo ya kuonja kabla ya kulipa!

Na sisemi ni uchawi. Chrome yenye vichupo 30 italemea RAM ya GB 4 popote pale. Vairasi za Linux zipo pia. Tofauti ni kwamba lile faili la EXE kwenye flashi ya mteja halipati pa kushika, na programu unazichukua kwenye hazina moja inayokaguliwa badala ya kupakua kutoka tovuti yenye vitufe kumi vya "pakua", tisa vikiwa vya uongo.

Tena nusu ya "uzee" wa kompyuta hizi hauhusiani na mfumo kabisa. Ni diski ya kuzunguka. Itoe, weka SSD ndogo, ongeza RAM, na utadhani umenunua nyingine. Fungua feni, toa vumbi, badilisha ile pasta iliyokauka juu ya prosesa. Joto la Homa Bay kando ya ziwa si joto la ofisi ya Manchester, na laptopu iliyojaa vumbi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Na kwa sababu stima zetu tunazijua, laptopu yenye betri inayodumu hata dakika 20 inaishinda dezktopu yoyote isiyo na UPS.

Sasa nisikilize hoja zenu, maana najua mnazo.

"Fomu za KRA za Excel zina makro." Kweli. LibreOffice haiendeshi kila makro ya Excel. "Sisi tunachapisha vijitabu vya mazishi na mabango, tunategemea CorelDRAW na Photoshop." Kweli pia, na katika nchi yetu ya Ujaluo biashara hiyo si ya mchezo. Inkscape na Scribus ni programu nzuri, lakini siwezi kumwambia mtu mwenye familia inayosubiri kijitabu kesho asubuhi aanze kujifunza programu mpya usiku. Basi saiba yenye mashine kumi ibaki na moja au mbili za Windows, yenye leseni halali na masharti yote, kwa kazi hizo. Zile nane nyingine ambazo watu wanakuja kufungua barua pepe, kuomba HELB na kuchapa barua ya kazi, zinahitaji Windows kwa nini?

"Printa je?" HP nyingi hukubali mara moja. Baadhi ya Canon husumbua. Ndiyo maana nimesema uonje kwanza kwa flashi.

"Shule zinafanya mtihani." Somo la kompyuta la KCSE lina karatasi ya vitendo, na shule yenye watahiniwa lazima iwazoeze programu watakayoikuta siku hiyo. Sipingi. Lakini ni wanafunzi wangapi shuleni wanaofanya somo hilo, na wangapi hawajawahi hata kugusa kibodi kwa sababu maabara ina mashine tatu nzima na nyingine "zimekufa"? Jimbo la Kerala kule India lilihamishia shule zake za serikali kwenye programu huria miaka ya 2000, na watoto wake hawakupotea. Kerala halikuwa jimbo tajiri. Lilipiga hesabu ya leseni tu, likaona pesa hizo zina kazi nyingine.

"Na magemu?" Hii ndiyo niliyokuwa naingoja, maana mimi mwenyewe ni mtu wa magemu. Miaka 15 iliyopita ungeniuliza hivyo ningenyamaza. Lakini Agosti 2018 Valve walitoa Proton, ambayo huendesha magemu ya Windows juu ya Linux, na Februari 2022 wakaanza kusambaza Steam Deck, kimashine cha mkononi ambacho ndani yake ni Linux. Dota 2 na Counter-Strike 2 zina toleo la Linux kabisa. Kadi ya Intel HD 520 iliyo ndani ya zile EliteBook haitacheza gemu la mwaka huu, lakini haingecheza hata kwenye Windows! Kwa magemu ya zamani inatosha, na SuperTuxKart na 0 A.D. ni za bure na halali.

Pasipowezekana nitasema. Valorant haichezeki kwenye Linux. Fortnite haichezeki. Apex Legends ilikuwa inachezeka, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 wenyewe wakaifungia Linux. EA FC za karibuni nazo zinazuiwa na ulinzi wao wa kuzuia wadanganyifu. Ulinzi wa aina hii hutaka kukaa kwenye moyo wa mfumo, kule ndani kabisa, na Linux haiwapi urahisi huo. Lakini tuwe wakweli: vijana wa huku wakitaka mpira wanaenda kwenye kibanda cha PlayStation, wanalipa kwa mechi. Mtu haachi maabara nzima ya shule ioze kwa sababu ya Valorant.

Nimewapiga wengine, sasa zamu yenu wenzangu wa Linux. Sisi nasi tuna makosa yetu ya kikabila. Mwalimu wa Kuria anauliza namna ya kuwasha Wi-Fi, sisi tunamjibu "soma mwongozo". Mtu anataka mfumo wa kuandikia barua, tunamshauri Arch. Tunabishana usiku kucha kuhusu sura ya dirisha huku jirani yetu akitapeliwa. Ukimwekea mtu Linux halafu ukazima simu, hujamsaidia chochote, na akirudi kwa fundi wa wizi usimlaumu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo halihusu pesa. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu ya Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu ilikuwa huria: hakuna aliyehitaji kupiga magoti mbele ya kampuni. Kazi ya kutafsiri haijakamilika mpaka leo, na hiyo ni lawama yetu sote. Lakini mlango uko wazi. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo au cha Tom Mboya anayetaka kuona menyu ya Dholuo au ya Kikuria anaweza kuanza leo jioni bila kumwomba mtu ruhusa. Kwenye Windows ya wizi ataomba kwa nani?

Basi madai yangu ni haya. Muuzaji, acha kusema mashine imekufa wakati umeshindwa kuipatia mfumo. Iuze na Mint ndani, mwambie mteja ukweli, mpe wiki ajaribu. Bodi za shule, mkiandika zabuni andikeni kazi mnayotaka ifanywe, msiandike jina la kampuni, na kabla ya kununua mashine mpya 20 mwiteni mtu apime zile 30 zilizolala stoo. Serikali za kaunti zote mbili, pokeeni nyaraka za ODF kama mnavyopokea za Word, maana mwananchi hafai kulazimishwa kununua programu ndipo azungumze na ofisi yake. Na wewe fundi, ambaye najua utakuwa umekasirika: ujuzi wa kuweka Linux, kubadilisha SSD na kutengeneza mtandao wa shule unalipa, na hautakukosesha usingizi askari wakipita.

Usitupe mbachao kwa msala upitao. Hasa kama msala wenyewe umeibwa.