Jenga Baraza Kabla ya Kununua Seti

Wengi wanaojenga Dar es Salaam, Tanga au Mombasa hukumbuka uwanja wa nyuma mwisho kabisa. Nyumba ikishapakwa rangi, ndipo inaletwa seti ya chuma yenye mito minene, ikapangwa juani. Masika hayajaisha, mito imeota ukungu na kutu imeanza pale vyuma vilipochomelewa.

Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Plastiki nayo hukaushwa na jua mpaka ikapauka, kisha mguu ukavunjika mtu akiwa ameketi. Atakaye viti vya kuhamishika, bora anunue vya alumini au vya msaji, mbao yenye mafuta yake ya asili. Ikiachwa bila rangi hugeuka kijivu, lakini haiozi upesi.

Hata hivyo, kikao kinachoufaa zaidi uwanja wa pwani kipo tangu zamani, wala upepo haukipeperushi: baraza. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, mabaraza ya mawe na chokaa yameungana na kuta za nyumba. Hapo watu hunywa kahawa na kucheza bao; mvua ikijaza maji vichochoroni, wapita njia hupanda juu yake. Lamu, nyumba za kale zina daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, na ndani ya daka mabaraza yanayotazamana, mgeni akapokewa hapo kabla ya kukaribishwa ndani. Inasikitisha kuona nyumba mpya zikijengwa bila hata moja.

Fundi mwashi wa mtaani anaweza kujenga baraza kwa matofali ya saruji. Kimo kiwe sentimita 40 hadi 45, na upana usipungue 50, mtu aweze kukunja mguu. Uso wake uinamishwe kidogo kwa mbele ili maji yasituame, na ukingo uviringwe usiumize mapaja. Juu yake unatosha mkeka wa ukili na mito ya kuingizwa ndani usiku.

Kinachohitaji kufikiriwa sana ni mahali. Saruji iliyopigwa jua mchana kutwa hubaki na joto hata baada ya magharibi. Upande wa mashariki wa nyumba hupata kivuli tangu alasiri, na penye mwembe au mwarobaini ni bora zaidi.

Mzee mwenye magoti mabovu, baraza peke yake halimtoshi. Huyo awekewe pembeni kiti cha msaji chenye mikono, apate pa kujishikilia anapoinuka.