Rejesta za vyuo vya ufundi nazo zivuke mpaka

Mfanyabiashara anayepitisha mzigo Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo anajua kwamba bidhaa isiyo na karatasi haiendi mbali. Gunia la mahindi linadaiwa cheti cha uasili na cheti cha afya ya mimea. Tangu Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania Machi 2021 kwa sababu ya sumukuvu, linadaiwa pia uthibitisho wa vipimo. Karatasi hizo zinachosha, lakini zina faida moja: afisa akiwa na shaka, anajua ni ofisi gani iliyozitoa na aulize wapi.

Fundi anayevuka mpaka huohuo hana bahati hiyo. Cheti chake cha umeme wa magari, uchomeleaji au majokofu kinaweza kuwa halali kabisa, ila mwajiri wa upande wa pili hana njia ya haraka ya kukihakiki. Chuo kilichokitoa kiko mamia ya kilomita. Simu haipokelewi, barua haijibiwi, na ikijibiwa jibu ni kwamba jalada bado linatafutwa. Mwishowe fundi aliyesota miaka miwili karakana analipwa ujira wa kibarua, na aliyenunua cheti mtaani anapewa kazi kwa kuwa hakuna wa kumuumbua.

Hasara hii inamfikia mfanyabiashara moja kwa moja. Msafirishaji wa minofu ya samaki kutoka Ziwa Victoria anamtegemea fundi wa majokofu, na hitilafu ya usiku mmoja inatosha kuozesha mzigo mzima. Mwenye ghala anaunganishiwa umeme na mtu asiyemjua, na moto ukitokea swali la kwanza la kampuni ya bima ni nani aliyeunganisha nyaya hizo na ana sifa gani. Mwenye malori anakabidhi breki za gari la tani 30 kwa fundi aliyejitambulisha kwa maneno na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inafungua njia kwa wafanyakazi kuvuka mipaka na inazitaka nchi wanachama kutambuana sifa za elimu na taaluma. Baada yake yalisainiwa makubaliano ya kutambuana kwa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Taaluma hizo zina kitu kimoja kinachofanana: kila moja ina bodi inayotunza orodha ya wanachama wake. Mwenye kutaka kujua kama mhandisi fulani ni mhandisi kweli anauliza bodi.

Fundi bomba, fundi magari, mshonaji na mpishi hawana bodi ya namna hiyo. Rejesta yao ni ile ya chuo walikosoma na ya mamlaka iliyowapima. Ikipotea hiyo, hakuna nyingine. Kwa hiyo utunzaji wa kumbukumbu katika vyuo vya ufundi, jambo linaloonekana dogo na la makarani, ndilo linaloamua kama soko la pamoja litamfikia fundi au litaishia kwa wenye tai.

Nguvu ya rejesta imekwisha kuonekana. Aprili 2017 Tanzania ilitangaza kwamba watumishi wa umma 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki ule uliwezekana kwa sababu Baraza la Mitihani lilikuwa na kumbukumbu za kidato cha nne, kidato cha sita na ualimu za kulinganisha nazo. Mapema 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya Kenya nayo ilitoa matokeo ya ukaguzi uliobaini vyeti vya kughushi zaidi ya 2,000 katika taasisi za umma. Katika nchi zote mbili aliyekamatwa hakukamatwa kwa kutazamwa muhuri wake. Alikamatwa kwa sababu jina lake halikuwemo kwenye kitabu.

Si kwamba vyombo vya kusimamia havipo. Tanzania ina VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na NACTVET inayosajili vyuo na kusimamia tuzo zake. Kenya ina TVETA, iliyotokana na sheria ya mwaka 2013, na NITA inayopima mafundi kwa madaraja. Lakini mamlaka hizo hutegemea taarifa zinazotoka chuoni, na kila moja macho yake yanakomea kwenye mpaka wa nchi yake.

Chuoni ndiko tatizo linakoanzia. Chuo cha ufundi hakifanani na shule ya sekondari inayopokea wanafunzi mara moja kwa mwaka na kuwatoa kwa mtihani mmoja. Chuo hupokea wa kozi ndefu, wa kozi fupi za miezi mitatu, wa jioni, wa uanagenzi wanaoshinda kwenye karakana za watu binafsi, na wale waliojifunzia mtaani wanaokuja kupimwa ujuzi walionao. Kila kundi lina fomu zake. Kitabu cha mafunzo kwa vitendo, chenye saini na muhuri wa mwajiri, kinabaki mfukoni mwa mwanafunzi au kwenye droo ya mkufunzi. Mkufunzi akihamishwa, alama zinaondoka naye.

Vyuo navyo hubadilika. Chuo cha Ufundi Dar es Salaam kiligeuka kuwa Taasisi ya Teknolojia mwaka 1997. Politekniki za Nairobi na Mombasa zikawa vyuo vikuu vya kiufundi mwaka 2013. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizikabidhi politekniki za vijijini kwa kaunti, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vya Tanzania vimewahi kuhama kutoka wizara moja hadi nyingine. Mabadiliko kama haya huwa na makabidhiano ya majengo, magari na watumishi. Swali la nani anarithi majalada ya wahitimu wa zamani linastahili uzito uleule, kwa kuwa mhitimu wa 1995 bado yuko kazini na cheti chake kina jina la chuo ambacho leo hakipo kwa jina hilo.

Jibu rahisi linalotolewa kila mara ni kununua kompyuta. Kompyuta inasaidia, lakini masjala iliyovurugika ikiingizwa kwenye kompyuta inakuwa vurugu inayopatikana kwa haraka zaidi. Kijana aliyeandikishwa chuoni kama Yusufu, kwenye kitambulisho ni Yusuph na kwenye pasipoti ni Yusuf, mfumo wowote utamhesabu kuwa watu watatu. Kazi ya kwanza ni ya mkono na macho.

Kila chuo kinahitaji mambo manne ambayo hayahitaji fedha nyingi. La kwanza ni karani wa kumbukumbu aliyesomea kazi hiyo, si mhudumu aliyepewa funguo za stoo. La pili ni rejesta moja ya udahili inayompa kila mwanafunzi namba asiyoshiriki na mtu mwingine, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa. La tatu ni ratiba ya kuhifadhi na kuteketeza: rejesta ya udahili, matokeo na orodha ya vyeti vilivyotolewa zitunzwe daima, wakati risiti za ada na ruhusa za likizo ziondolewe muda wake ukifika, zisizibe nafasi. La nne ni nakala ya pili ya rejesta hizo mahali pengine, maana mchwa, mafuriko na moto havibagui chuo cha serikali na cha binafsi.

Baada ya hapo ndipo nchi zikutane. Sekretarieti ya Jumuiya na mamlaka za ufundi zikubaliane namna moja ya kuulizana: mwajiri wa Kigali apeleke swali kwa mamlaka ya Rwanda, nayo iulize mwenzake wa Kampala au Dodoma, na jibu lirudi ndani ya siku chache za kazi. Jibu lenyewe liwe fupi, yaani jina, fani, daraja, mwaka, na kama cheti ni halali. Zaidi ya hapo halihitajiki. Kenya na Uganda zina sheria za kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na hakuna sababu ya ada aliyodaiwa fundi au adhabu aliyopewa akiwa na miaka 17 kufika mezani kwa mgeni.

Wapo wafanyabiashara wanaosema fundi hupimwa kwa kazi yake, si kwa cheti. Kwa kuziba pancha au kushona sare, wana haki. Lakini kosa la fundi wa gesi au wa umeme halionekani siku ya kwanza, na siku linapoonekana huwa limekwisha kuunguza mali. Tena zabuni za barabara, maghala na viwanda hudai majina ya mafundi wenye sifa zilizothibitishwa. Anayeshindwa kuzithibitisha anaachwa, hata kama mafundi wake ni hodari.

Wafanyabiashara nao wana sehemu yao. Wenye gereji na karakana wanaopokea vijana wa mafunzo kwa vitendo wajaze vitabu vyao kwa ukweli, watie saini na kubaki na nakala. Wanaoajiri waombe uhakiki kabla ya kukabidhi funguo, hata kama kijana ameletwa na ndugu. Na vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, ambavyo kwa miaka vimepigania ushuru na foleni za malori, viiweke hoja hii mbele ya viongozi wa Jumuiya: fundi mwenye sifa aweze kuthibitishwa kabla msimu wa kazi haujapita.