Daudi Alibadilisha Gari, Hakunyamazisha Ngoma



Juma hili simu yangu haijapumzika. Kuna video ya kesha yetu ya vijana inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Ni fupi, haifiki hata dakika moja, na inaonyesha vijana wetu wakicheza saa tisa usiku wakati wa sifa. Kuna walionitumia wakicheka. Kuna mtumishi mwenzangu, mtu ninayemheshimu sana, aliyenipigia na kuniambia, "Pasta, sasa mmefungua disko." Na jana nimeletewa ujumbe kwamba wachungaji wa eneo letu wanataka tuweke sahihi sote: kuanzia mwezi ujao kupiga makofi ni sawa, kuinua mikono ni sawa, kucheza hapana.

Mimi sitaweka sahihi. Na kwa kuwa nimesemwa hadharani, naomba nijibu hadharani. Soma mpaka mwisho kabla hujaokota jiwe.

Fungua Biblia yako 2 Samweli 6. Najua unaijua hiyo sura, umeihubiriwa mara nyingi, na kila mara mhubiri anakimbilia mstari wa 14, Daudi na naivera yake ya kitani, watu wanapiga kelele, kinanda kinaingia, mahubiri yamekwisha. Leo usikimbie. Anzia mwanzo wa sura.

Sanduku la Mungu lilisafirishwa mara mbili. Watu wengi hawalioni hilo. Safari ya kwanza kulikuwa na muziki. Mstari wa 5 unataja vinubi, matari na matoazi, na Israeli yote ikishangilia. Halafu ng'ombe wakajikwaa, Uza akanyoosha mkono akalishika sanduku, akafa pale pale. Sherehe ikageuka matanga. Daudi akaogopa, na sanduku likakaa miezi mitatu nyumbani kwa Obed-Edomu.

Sasa jiulize, mpendwa. Kama Daudi angekuwa mmoja wetu, baada ya mtu kufa katikati ya sifa, angefanya nini? Angeita kikao cha wazee. Wangesema, "Mnaona? Hiyo ndiyo matokeo ya kelele. Kuanzia leo, sanduku litasafirishwa kimya kimya." Na wangepata mtu wa kuandika mswada wa kutiwa sahihi.

Daudi hakufanya hivyo. Alirudi kwenye Neno kutafuta kosa lilikuwa wapi. Soma 1 Mambo ya Nyakati 15. Anawaambia Walawi wazi kwamba Mungu aliwapiga kwa sababu mara ya kwanza sanduku halikubebwa na wao kama ilivyoagizwa. Sheria ilikuwa imesema tangu zamani, Hesabu 7:9, kwamba vitu vitakatifu vibebwe mabegani. Wao walilipandisha juu ya gari jipya linalovutwa na ng'ombe. Na gari jipya ni wazo la nani? Rudi 1 Samweli 6 uone. Ni Wafilisti, baada ya kuwauliza makuhani wao na waganga! Kwa hiyo siku hiyo kulikuwa kweli na kitu cha dunia kilichoingizwa katika ibada, ila kitu hicho hakikuwa ngoma. Kilikuwa gari.

Safari ya pili, gari limeondolewa. Na muziki je? Sura hiyo hiyo ya 15, mstari wa 16, Daudi anaagiza waimbaji na wapigaji vyombo wapangwe rasmi. Aliongeza! Mtu amekufa kwenye safari ya kwanza, na mfalme anaongeza vyombo kwenye safari ya pili, kisha yeye mwenyewe anacheza bila kubakiza nguvu. Alirekebisha kilichokuwa kimeharibika, akaacha kilichokuwa sawa.

Huo ndio ugomvi wangu na karatasi yenu, ndugu zangu. Mnataka kumfukuza mchezaji na gari bado limeegeshwa ndani ya kanisa.

Niwaambie gari letu ninalolijua mimi. Ni kukodi kikundi cha wachezaji kutoka nje, kwa pesa, bila kumjua hata mmoja wao anaishi vipi, ili ukumbi ujae. Ni kuchukua wimbo wa klabu, ukaondoa jina la msichana ukabandika jina la Yesu, ukasema ni upako. Ni kuweka madhabahuni mtu mwenye kipaji ambaye kila mshirika anajua analala wapi Jumamosi. Ni kamera. Katika ile video yetu, mwisho kabisa, kuna vijana wawili wamewapa wenzao mgongo, wamesogea karibu na simu, wanacheza vile wanavyocheza watu wanaotafuta wafuasi. Hilo sitalitetea. Nimekaa nao Jumatatu, mama mchungaji akiwepo, nikawaambia hawakuwa wakimchezea Bwana, walikuwa wakiichezea simu. Walinyamaza. Mmoja alilia. Lakini wale wengine arobaini nyuma yao walikuwa wamefumba macho, na hao ndio mnaotaka niwaketishe.

Mtaniambia habari ya utaratibu, 1 Wakorintho 14:40. Amina, naupenda huo mstari. Ila usomwe pamoja na ule unaoutangulia. Paulo alikuta kanisa ambalo kila mtu ananena kwa lugha kwa wakati mmoja, fujo tupu, mgeni akiingia anadhani ni wendawazimu. Na baada ya kuwapangia zamu, anawaambia wasizuie kunena kwa lugha. Alipanga, hakufuta. Sisi Wapentekoste tunautetea huo mstari wa 39 kwa meno na kucha ndimi zikiguswa. Miguu ikiguswa tunakumbuka wa 40 peke yake.

Mtaniambia Agano Jipya halina mahali kanisa linacheza. Ni kweli, halina agizo. Halina pia agizo la kinanda, wala spika, wala hema la mkutano. Lakini lina yule kiwete wa Matendo 3, ambaye miguu yake ilipopata nguvu aliingia nayo hekaluni, akitembea na kurukaruka na kumsifu Mungu. Miaka yake yote alikuwa amekaa mlangoni. Nani kati yetu angemshika bega amwambie hapa ndani tunapiga makofi tu?

Na lina nyumba ya baba katika Luka 15. Mwana mkubwa anatoka shambani, anasikia nini? Muziki na watu wakicheza. Yesu mwenyewe ndiye aliyeisimulia hiyo hadithi, na angeweza kuweka chakula tu ikatosha. Aliyebaki nje kwa hasira ni yule asiye na doa.

Sijasema kucheza ni kutakatifu kwenyewe. Israeli walicheza pia mbele ya ndama, Kutoka 32, na Musa akavunja mbao za mawe kwa kile alichokiona. Binti wa Herodia alicheza, na kichwa cha Yohana kikaletwa kwenye sinia. Miguu ni ile ile. Swali ni mbele za nani. Ndiyo maana Daudi anapotajwa akicheza katika sura ile linarudi neno mbele za Bwana, mbele za Bwana. Kwa vijana wangu nimeweka kipimo cha nyumbani: mtindo ambao huwezi kuucheza mama mkwe akiwa ameketi mbele yako, usiulete mbele ya Mungu. Wanacheka, lakini wanaelewa.

Sasa niseme jambo ambalo najua litaniletea maneno. Hatuchukii kucheza. Tunasema uongo. Mwanasiasa akifika na msafara wake, akina mama wanatolewa nje na leso mpya, wanamchezea kutoka langoni mpaka kiti cha mbele, vigelegele juu, na hakuna askofu niliyewahi kumsikia akikemea disko siku hiyo. Wakati wa sadaka, mkicheza mkielekea kwenye kikapu, mchungaji anatabasamu na kinanda kinaongezwa kasi. Kwa mheshimiwa tunacheza. Kwa pesa tunacheza. Ni kwa Mungu tu ndipo tunapata kumbukumbu ya utaratibu. Naandika haya nikiwa na mimi ndani yake, maana hata kwetu imefanyika.

Woga huu wa mguu tuliutoa wapi? Wamishenari waliokuja hapa waliona ngoma wakaona nyuma yake pombe, tohara, viapo, na mambo ambayo Mkristo kweli hakupaswa kuwemo. Mwaka 1929, ugomvi wa tohara ya wasichana ulipochacha kule Kati, vijana waliimba na kucheza Muthirigu kuwatukana wamishenari na machifu, mpaka mwaka 1930 serikali ya mkoloni ikaupiga marufuku. Ningekuwa mmishenari wakati ule, na mimi ningeshtuka nikisikia ngoma usiku. Siwalaumu kwa woga wao. Nawalaumu wajukuu tuliouchukua woga wa mwaka 1929 tukaufanya kuwa fundisho.

Mwaka 1942, kule Nyang'ori, Zakayo Kivuli alitoka katika misheni ya Kipentekoste akaanzisha kanisa la African Israel Nineveh. Unawajua hata kama hujui jina: kanzu nyeupe, vilemba, bendera, ngoma, wakipita barabarani Jumapili. Kuna mafundisho tunatofautiana nao. Lakini nimekua nikisikia waliookoka wakiwacheka kwa sababu ya ngoma, na waliokuwa wakicheka ni Wapentekoste! Mwaka 1906, William Seymour, mwana wa watu waliokuwa watumwa, alipokuwa akiongoza ule uamsho wa Azusa Street, magazeti ya Los Angeles yaliwaandika babu zetu wa kiroho kama vichaa. Hatukuanza kwa heshima, mpendwa. Tusijifanye tulianza na tai.

Mikali pia nimtendee haki. Sipendi wahubiri wanaomfanya mchawi. Alikuwa mwanamke aliyetupwa huku na huku na wanaume wenye mamlaka, na dirishani pale alikuwa na machungu ambayo sura ile haiyataji. Ila soma shtaka lake. Hakusema hatua zilikuwa mbaya. Alisema mfalme amejishusha mbele ya vijakazi. Lilikuwa suala la cheo. Na nikisikiliza vizuri simu nilizopigiwa juma hili, hofu kubwa ni watu wa madhehebu mengine watatuonaje.

Nina neno pia kwa upande wangu, kwa viongozi wa sifa. Acheni kuwapigia watu kelele kwamba aliyekaa ana pepo la uzito. Mhubiri 3:4 ina wakati wa kuomboleza na wakati wa kucheza, na katika safu moja ya viti unaweza kuwa na wote wawili. Jumapili moja mwaka jana dada mmoja aliyekuwa amezika mtoto siku nane kabla aliambiwa kwa maikrofoni ainuke amchezee Mungu. Aliinuka. Akatoka nje. Tuna pia mama wa miaka 71 mwenye magoti mabovu, yeye hucheza na mabega tu akiwa kitini, na sijawahi kuona mtu kanisani kwetu anayecheza zaidi yake.

Sababu inayonifanya nisiweke sahihi, mbali na Maandiko, ni hii. Niliwahi kuweka.

Mwaka 2013 nilikuwa mchungaji kijana, nina bidii kuliko hekima. Tulikuwa na kijana kutoka Kakamega aliyekuwa akipiga ngoma, na mwili wake haukuweza kukaa kimya ngoma ikilia. Alikulia kwenye isukuti, ilikuwa ndani ya mifupa. Wazee wawili walinilalamikia. Nikamwita ofisini, nikamsomea kanuni, nikamwambia akae kiti cha nyuma miezi mitatu mpaka ajifunze kuabudu. Hakunijibu vibaya. Alikaa Jumapili mbili, ya tatu hakuja, na mimi nikasema aliyetoka hakuwa wetu.

Desemba iliyopita nilienda matanga kule kwao. Usiku kikundi cha isukuti kikaingia uwanjani, ile ngoma ambayo mwaka 2014 UNESCO waliiandika kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka. (Wao wanataka kuilinda, sisi tunataka kuikemea.) Aliyekuwa mbele ni yeye. Ameongezeka mwili, ndevu zina mvi kidogo. Alicheza mbele ya jeneza la babu yake mdogo mpaka watu wakafutana machozi. Baadaye alikuja kunisalimia kwa mikono miwili, akaniita pasta kama zamani. Nikamuuliza anasali wapi. Akasema, "Pasta, siku hizi sisali mahali. Hapa angalau hakuna anayeniambia nikae." Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kwao palipaswa kuwa kwetu. Nilikunywa chai yangu nikashindwa kumjibu.

Kwa hiyo karatasi nimeirudisha bila sahihi, na wazee wa kanisa letu nimewaeleza kabla ya kuandika hapa.

Jumapili hii ibada ya pili inaanza saa nne na nusu. Nimewaomba mashemasi waondoe safu mbili za viti mbele. Simu zikae mifukoni. Anayetaka kukaa atakaa, na hakuna atakayemgusa. Na wewe ndugu yangu wa Kakamega, najua kuna mtu atakutumia maandishi haya: nilikukosea, na nitalisema hilo mbele ya kanisa ukiwepo au usipokuwepo. Ile ngoma yako bado iko stoo. Ngozi imelegea upande mmoja, na hapa hakuna anayejua kuikaza.